Spika ya Nyuma, Chini ya Dirisha

Jumapili, 16 Januari 1994

Leo nimeisikia kidogo. Kidogo tu! Baba Mdogo Usumani aliniachia upande mmoja wa santuri, sauti chini kabisa, kama mtu anayesengenya.

Mashine ni yake, au tuseme imekaa kwake. Yule mzungu ambaye Baba Mdogo alikuwa dereva wake aliondoka mwaka jana mbiombio, akamwachia mtambo wa kupigia santuri, katoni ya santuri za okestra, na spika nne. Nne! Mbili mbele, mbili nyuma, kila moja na pembe yake ya sebule. Redio ya kawaida inakukabili kama mwalimu. Hii inakuketisha katikati ya wapigaji. Violini mkono wa kushoto, zile kubwa za sauti nene kulia, na nyuma yako, usikotazamia, tarumbeta zinajibu.

Yaani zingejibu. Spika ya nyuma kulia, ile iliyo chini ya dirisha, haiamki mpaka sauti ipandishwe sana. Sijawahi kuisikia. Nimemaliza shule tangu Julai, sina kazi, sina mchumba (Mama hachoki kunikumbusha), na ninalolitaka ni hilo moja. Santuri yenye jalada la kijani, mwanzo mpaka mwisho, spika zote nne zikisema.

Haijafika hata nusu, Mukasine akagonga ukuta. Hapa Biryogo nyumba mbili zina ukuta mmoja, na Mukasine anadhani wote ni wake. Sisi Waislamu, kwake ni Waswahili tu.

"Enyi Waswahili! Iko nani amekufa humo?"

Baba Mdogo akazima.

Namchukia.

Alhamisi, 27 Januari

Silvère tena. Anakaa ng'ambo ya barabara, kijana wa chama cha Rais, filimbi shingoni hata akienda chooni. Leo alisimama mbele ya bomba, mguu juu ya jerikeni langu.

"Binti Usumani! Nasikia siku hizi iko mzungu. Utatupigia lini hizo kelele za misa, tukatike?"

Wote kwenye foleni wakacheka, Mukasine zaidi. Nilikuwa na majibu, mazuri. Hakuna hata moja lililotoka. Nilitazama jerikeni. Sauti yangu ikifika kooni hugeuka ikarudi, tangu nikiwa mtoto. Basi jibu langu ni hili hapa: Silvère, huna unachojua kupiga ila filimbi na watu.

Aliyeniokoa ni Mzee Gatera, fundi mwashi wa nyuma yetu — ua wake uko chini kabisa ya dirisha la sebule. Alilivuta jerikeni, akalijaza, akanikabidhi bila kusema kitu. Silvère akamwambia asijitie mbele, yeye alishachukuliwa akarudi, na watu hawarudi mara mbili.

Watu wa foleni wakaanza kupanga majerikeni yao.

Mwaka wa tisini, Oktoba, waasi walipovuka mpaka, askari walikusanya watu wa kabila la Gatera; yeye walimkuta mezani, anakunywa chai. Alikaa ndani miezi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena. Mama anasema aliapa mbele ya watoto wake: hawatanikuta nimeketi tena.

Jumamosi, 12 Februari

Ramadhani. Mama ameifunika mashine kwa shuka. Mwezi mzima! Nafunga na njaa mbili.

Jumatano, 23 Februari

Hakuna kutoka. Wakubwa wa vyama wameuawa, barabara zimezibwa, gurunedi zinalia kama milango inayobamizwa. Silvère na wenzake wanapita wakiimba. Mukasine amesema kupitia ukuta kwamba tunajua fika nani analeta haya yote. Hakumtaja mtu. Alikuwa ameelekea upande wa Gatera, nina hakika, hata kama kuna ukuta.

Jumapili, 20 Machi

Nimefanya jambo baya.

Mama na Baba Mdogo wameenda harusini Gisozi. Nilisema tumbo linaniuma. Jua kali, bati linawaka, nikafungua madirisha yote. Nikavuta shuka. Santuri ya kijani. Nikapandisha sauti — nikapandisha — nikapandisha.

Ikaamka!

Chini ya dirisha, nyuma ya bega langu la kulia, tarumbeta. Mbali kwanza, kama ziko kilima kingine. Halafu violini zikaja mbele kushoto, zikajibiwa nyuma, zikazunguka chumba, na mimi katikati, sakafuni, nimefumba macho. Sikuwa na aibu ya chochote. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mahali penye watu wengi na hakuna aliyekuwa akinitazama.

Sijui ni saa ngapi niligundua kwamba nje kumenyamaza. Hakuna mpira. Hakuna gari. Nikachungulia. Duka la kona linafungwa, mwenyewe anahangaika na kufuli. Wanawake wanakokota watoto. Mtu ameacha baiskeli katikati ya njia, gurudumu bado linazunguka. Mukasine yuko barabarani bila kilemba, anapiga kelele: "Mana yanjye! Mungu wangu! Iko nani? Wamemuua nani?"

Ndipo nikaelewa. Hapa kwetu mtu mkubwa akifa, kabla redio haijasema lolote, hupiga okestra. Muziki usio na maneno, halafu tangazo. Kila mtu anajua. Na mimi najua! Lakini mimi nilikuwa nasikiliza tarumbeta.

Nikazima. Kimya kilikuwa kibaya kuliko sauti.

Kisha wakajua muziki umetoka wapi. Wakaja langoni. Sitaandika waliyoniita.

Gatera hakuwamo. Ua wake ulikuwa mtupu, sufuria bado jikoni, ugali umeungua. Alikuwa amewachukua watoto watatu akakimbilia migombani bondeni. Wamerudi giza likiingia, wamelowa, Mukunde, mdogo wao, anakohoa. Alinikuta langoni. Hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akatazama mkono wake.

"Usifanye hivyo tena, binti."

Nilitaka kusema nisamehe. Haikutoka.

Jumatatu, 21 Machi

Responsabule wa seli, mkuu wa mtaa wetu, amekuja, Bwana Habiyaremye, na Silvère nyuma yake kama mkia. Sebule nzima ilinuka jasho lao. Responsabule aliuliza tunampa ishara nani. Baba Mdogo akasema ni mtoto, ni ujinga wa mtoto, Bwana Responsabule. Silvère akapiga teke spika ya mbele. Akasema siku itakuja na hata Waswahili wataulizwa wako upande gani.

Walipoondoka, Baba Mdogo aliichomoa sindano ya mashine mbele yangu, akaifunga katika leso, akaitia mfukoni mwa koti.

"Imekufa sasa. Lakini usimwambie mtu kwamba imekufa. Wakijua iko bubu, haitufai tena, watakuja kuibeba."

Nilimchukia yeye pia. Kwa nusu saa hivi.

Jumatano, 30 Machi

Sasa mimi ni kichekesho. Watoto wananifuata hadi dukani: "Yasmina, leo iko nani amekufa?" Jana kwenye baa mtu alifungulia kanda ya harusi, ikaanza bila maneno, na baa nzima ikapaza sauti kwa pamoja: "Yasmina!" Wakacheka hadi wakagongana.

Mukasine hacheki. Ameniambia kwa sababu yangu alipoteza kilemba kipya na miaka kumi ya moyo.

Hakuna anayekimbia tena. Ni mizaha tu. Afadhali, nadhani.

Jumapili, 3 Aprili

Pasaka yao. Gatera alitulipia wema wa Idi, akamtuma Mukunde na sahani ya nyama na viazi. Nikairudisha sahani mwenyewe. Nilijizoeza njia nzima, hatua chache tu lakini nilizirefusha. Na nikasema! "Mzee, nisamehe kwa ile siku." Kwa sauti ndogo, lakini ilitoka, na alisikia.

Alicheka. Sikujua ana pengo upande wa kushoto.

"Yewe, binti! Unajua nilivyokimbia? Nilimbeba Mukunde kichwa chini!" Mukunde akasema ni kweli, aliona migomba imesimama juu ya mawingu. Tukacheka wote. Kisha akaniuliza, kwa adabu, kama anamwuliza mtu mzima, ule muziki ulikuwa unasema nini. Nikamweleza: spika nne, tarumbeta za nyuma, kukaa katikati. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo na mtu asiye Mama.

"Basi siku nyingine ukiupiga," akasema, "sikimbii. Naleta kiti changu uani, chini ya dirisha lako, nasikiliza mpaka mwisho. Betri za redio yangu zimekwisha tangu Krismasi, utakuwa umenisaidia."

Ningemwambia kuhusu sindano. Baba Mdogo alikataza. Nikasema ndiyo tu.

Mtu mmoja katika mtaa huu asiye adui yangu.

Alhamisi, 7 Aprili

Nimeamshwa na violini.

Nilifurahi! Nimeandika ukweli: nilifurahi, kabla sijafumbua macho. Nikadhani ni sindano, Baba Mdogo ameirudisha. Nikaenda sebuleni miguu mitupu. Shuka liko juu ya mashine. Nikaweka kiganja kwenye spika, moja moja. Baridi. Zote.

Na muziki unaendelea.

Unatoka ukutani kwa Mukasine. Unatoka baa. Unatoka kwa Silvère, mlango wake wazi na ndani hamna mtu. Unatoka nyumba za juu kule tusikojuana. Redio moja, nyumba zote. Kushoto, kulia, mbele, nyuma, na sisi katikati.

Baba Mdogo amekaa kitandani na redio yake ndogo mapajani. Anasema wametangaza: Rais amekufa, ndege imeanguka. Kila mtu abaki ndani ya nyumba yake. Jana usiku nilisikia mishindo nikageukia upande wa pili — nani asiyeizoea? Sasa milio ya risasi iko huku huku, chini ya barabara. Na filimbi. Ile filimbi naijua.

Mama amefunga lango kwa mnyororo. Anasema hakuna kutoka, hakuna kufungua dirisha, hakuna kujibu atakayeita.

Halafu kutoka ua wa nyuma:

"Yasmina! Eh! Leo mapema hivi, binti?"

Sauti yake ina furaha.

Nimechungulia kwenye pazia. Ameleta kiti. Ameketi chini ya dirisha letu, kikombe cha chai mkononi, ule mkono mzima, na Mukunde magotini. Wale wawili wakubwa wanapuliza mkaa. Anatikisa kichwa kufuata violini. "Sikimbii leo!" anasema. "Nilikuahidi!"

Mama ameshika gauni langu kwa nyuma. Baba Mdogo amenionyesha kidole mdomoni. Anasema kwa kunong'ona kwamba akina Silvère wakisikia tunamwita watajua yuko wapi, na kwamba tuko pamoja naye.

Nimefungua kinywa mara mbili. Hakuna kitu. Naandika kwa sababu mkono ndio pekee unaonitii.

Filimbi iko kwenye bomba sasa.

Tarumbeta zimeanza kule redioni, na Gatera amenyanyua kidole kumwonyesha Mukunde: sikiliza, hizo za nyuma, ndizo alizosema.

Dirisha lina komeo la juu. Silifikii nikiwa chini. Nikipanda juu ya spika nitalifikia. Gauni likichanika mikononi mwa Mama, na lichanike. Napanda —