Jina la Watu Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Wamekubali! Naandika nimesimama, kukaa siwezi. Skripti yangu inakuwa filamu. Filamu kabisa — ya skrini kubwa, ya kukatia tiketi. Mtayarishaji, huyu ninayemwita Bwana Tutaona kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali, leo kasema "ndiyo". Nikamwomba arudie. Akarudia.

Shangazi hakuuliza hadithi wala waigizaji. Kauliza: jina litaandikwa? Nikamwambia litaandikwa. Lote? Lote. Akarudi kwenye vitunguu vyake, anakaanga anaimba.

Ana haki. Jina langu ni lake. Baba alinipa jina la dada yake, sisi ni somo, na tangu utotoni ananikumbusha kwamba kaniazima tu. Nimelifanyia nini hilo jina? Redioni niliitwa Dada wa Saa Moja, mpaka leo muuza mkate ananiita hivyo. Kila asubuhi nilisoma hewani majina ya wenzangu wote, fundi mitambo, msoma habari, wa michezo, halafu mimi nikajiita "nami". Nami! Kisha kiti changu akapewa mchekeshaji. Wimbo wangu unaimbwa kwenye kila sherehe, na watu wanajua ni wa yule aliyeuimba. Podikasti tunaifanya mimi na Shangazi, ndani ya kabati la nguo kwa sababu makoti yanakata mwangwi. Yeye juu ya stuli, mimi juu ya sanduku, na wasikilizaji wanatuita "wale wa kabatini".

Safari hii watatuita kwa jina.

Jumatano, 12 Machi

Bwana Tutaona kaniita ofisini. Viti vipya, maneno yaleyale. Eti skripti ni nzuri ila inahitaji mkono. Mkono wenyewe ni wa Mkongwe, bwana mmoja mwenye filamu nyingi na miwani ya kamba. Ataipitia. Na kwenye filamu, mwandishi atakuwa yeye. Mimi nitawekwa kwenye shukrani. Watu wananijua kwa sauti, anasema, si kwa kalamu. Mkataba niliousaini kwa furaha zangu zote unampa Bwana Tutaona ruhusa ya kupanga majina. Nikauliza, na Mkongwe asipoongeza kitu? Tutaona.

Nimetoka nimefura. Nimetembea mpaka nikakipita kituo changu cha basi.

Nyumbani nikamweleza Shangazi. Akauliza kama huyo Mkongwe kwao hawakumpa jina, mpaka aje kuchukua letu.

Ijumaa, 14 Machi

Kazi ya Mkongwe imefika. Kabadilisha rangi ya pazia. Na saa ya ukutani kaihamisha. Basi.

Mawifi wawili wa skripti yangu wako palepale dukani, wanakodisha magauni ya harusi, wamenuniana, hawasemezani ila kupitia wateja. Mwambie huyo wa cherehani anipe mkasi. Mteja anamwambia. Mwambie huyo mkasi anajua ulipo. Mteja anamwambia. Kila neno ni langu. Hata vistari vyangu kaviacha! Hiyo ni tabia ya redio: naandika huku nasema kwa sauti, na kila mahali pa kupumua naweka kistari. Nimecheka mpaka Shangazi kaja kuchungulia.

Halafu nikaona ukurasa wa kwanza. Jina la Mkongwe, kubwa, katikati. Kicheko kikakatika.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie mezani.

Leo waigizaji wamesoma skripti kwa mara ya kwanza, wote meza moja, kila mtu na nakala yake. Mwongozaji, dada mmoja mpole wa viatu vya michezo, kakaa mwisho. Mkongwe kakaa pale pa mwandishi. Mimi karibu na birika la chai. Nilijiapiza kufunga mdomo.

Yule anayeigiza wifi mkubwa akauliza vistari hivi ni vya nini. Mwongozaji akamgeukia Mkongwe. Mkongwe akashusha miwani. Makosa ya chapa, anasema, alisahau kuyafuta, wayaruke tu.

Wakayaruka. Tukafika pale wifi mkubwa anapomsemesha mwenzake moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Mama wa watu kaishiwa pumzi katikati. Karudia, kaishiwa tena. Anaomba radhi, uso umemshuka. Hapo kiapo changu kikaenda zake.

Nikamwambia, dada, pumua kwenye kistari. Kila kistari. Usikimbie, huyo wifi yako bado hujamsamehe.

Akasoma. *Mkasi uko mfukoni mwangu / uko humu tangu tumzike kaka / nilitaka siku moja uniombe mwenyewe / kwa mdomo wako / bila kumtuma mtu.*

Mwigizaji wa wifi mdogo anajifuta macho kwa mkono wa shati, anasingizia mafua. Mwongozaji akaniuliza mimi — mimi! — ukurasa unaofuata usomwe vipi. Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Mkongwe akakumbuka ana miadi mahali.

Bwana Tutaona alikuwa mlangoni na kikombe chake, kaona yote. Nikamuuliza mbele za watu: na jina? "Tutaona," kasema, lakini kwa sauti ndogo.

Nimeshinda leo. Asiseme, lakini nimeshinda, na nina furaha mpaka meno yanauma.

Jumatatu, 2 Juni

Wamemaliza kupiga picha. Wametaka na wimbo wa mwisho. Nimeuandikia kabatini, asubuhi moja. Shangazi kafuta ubeti wa pili, kasema unajisikia. Kweli ulikuwa unajisikia. Jina — bado tutaona.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika humu humu ukumbini, kwa mwanga wa skrini. Nisipoandika nitapiga kelele.

Wamecheka kila nilipotaka wacheke. Kwenye mkasi nimesikia ukumbi mzima unavuta pumzi. Filamu imeisha, wanapiga makofi, na sasa ni majina na wimbo wangu. Mwongozaji kaninong'oneza mlangoni: jina la mwandishi limewekwa peke yake, wimbo ukiisha. La nani? Hajui. Bwana Tutaona kapanga majina mwenyewe na hakumwonyesha mtu.

Watu wameanza kunyanyuka. Shangazi kasimama kwenye njia, mikono kiunoni, mkoba begani. Kaa, baba, anamwambia mwanamume mwenye koti. Nawe mama, kaa. Jina letu halijapita. Wanakaa! Safu nzima inakaa.

Aliyetoka ni mmoja tu. Mkongwe. Kavuka mbele ya skrini, miwani mkononi, hakugeuka.

Bwana Tutaona, safu ya mbele, kageuka. Hanitazami mimi. Anamtazama Shangazi.

Ubeti wa mwisho. Shangazi karudi kukaa, kanishika mkono wa kushoto, anaubana kama anaukamua. Maneno mawili yamebaki. Moja.

Skrini nyeusi. Sioni ninachoandika. Shangazi ananiambia sikioni vuta pumzi, somo, si wewe wa vistari, haya vuta