Mafuta ya Alizeti Kwenye Taa Zako

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimeiweka mbele ya yote, maana wewe na salamu hamkuwa na mzaha. Hata nikiwa nimelala chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inayoonekana, ulikuwa unasimama palepale mpaka shikamoo itoke huko chini, ndipo useme shida yako. Leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini nimekuamkia. Hilo angalau nimelifanya sawasawa.

Pikapu yako imepita ukaguzi jana. Stika mpya iko kwenye kioo, upande ule ule uliokuwa unaupenda. Trafiki aliizunguka mara mbili, akaniambia niwashe taa, akasimama mbele ya gari akiziangalia kwa muda. Akasema, "Sasa hizi ni taa." Nikamjibu asante afande, nikaingia ndani, nikakaa. Sikulia. Nilishindwa tu kukumbuka gia ya kwanza iko wapi, mpaka wa nyuma yangu akaanza kupiga honi.

Nina jambo la kukuambia, na nimelipiga danadana tangu ulipozikwa. Unalijua. Jana nimethibitisha kwamba unalijua, nitafika huko. Ila hukulisikia kutoka kinywani mwangu, na roho inaniuma kwa hilo kuliko nilivyotegemea.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusafisha taa. Baba alipofariki nikiwa darasa la tatu ulinichukua ukanileta kwako Mandewa, na nilipomaliza kidato cha nne nikawa sibanduki kwenye pikapu yako. Watu walikuambia binti hafai kushinda na magari. Uliwajibu kwa Kinyaturu, maneno ambayo Mama Mdogo alikataa kunitafsiria, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Ukaniwekea ndoo ya maji na misasa mitatu: wa kukwaruza, wa kati na ule laini kabisa. Nilipokwaruza mara ya kwanza taa ikawa nyeupe kama uji, nikaogopa, nikadhani nimeiharibu. Ulicheka. Ukaniambia endelea, usiache maji yakauke, na usisimame hapo katikati, maana wengi wanasimama hapo. Kisha polishi, kisha vanishi, kisha kivuli mpaka ikauke. Mwisho ukapitisha kidole gumba juu ya kioo, ukakitazama kidole. Kikiwa kikavu na kioo laini, kazi imekwisha. Hukuwa na kipimo kingine.

Nimekula kwa kazi hiyo mpaka leo. Watu wanatoka mitaa ya mbali kuja kwa fundi mwanamke wa Mandewa, na mimi navimba kichwa.

Sasa ile Alhamisi. Usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa unatoka Sepuka na magunia ya vitunguu, trafiki akakusimamisha pale unapoingia mjini, akakuambia taa zimefifia, zirekebishwe na gari lirudishwe likaguliwe ndani ya siku tatu. Mikono yako ilikuwa inatetemeka tangu ulipougua mwaka uliotangulia, msasa ulikuwa haukai. Ukaniletea mimi. Ungemletea nani mwingine?

Nilikuwa na magari manne ya harusi. Bwana harusi mwenyewe alikuwa amesimama pale, anapiga simu kila dakika na kunitazama kana kwamba bibi harusi nimemficha mimi. Nikakuambia, Baba Mdogo liache, njoo baada ya adhuhuri. Nilijua kazi ya taa ni ya masaa matatu ukitaka iwe kazi. Nikakupa nusu saa.

Nililipua kazi, bora iishe. Nilichukua dawa ya meno na kitambaa, nikasugua umanjano ukapungua, lakini ukungu ulibaki. Kwenye kapu langu la chakula kulikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti. Unatujua sisi watu wa Singida: mafuta hayo tunayapika, tunayapaka miguuni, tunayatia kwenye bawaba za mlango zikilia. Nikayatia kwenye kitambaa, nikazipaka taa zako zote mbili. Ziling'aa, Baba Mdogo. Zilikuwa nzuri kuliko taa za bwana harusi. Kwa macho ya mtu yeyote, kwa siku moja au mbili, kazi ile huitofautishi na ya halali.

Ulirudi umevaa ile kofia yako ya kufumwa, umetoka kuswali. Nilikupa mgongo nikajifanya nabana utepe kwenye gari la maharusi. Lakini niliona kwenye kioo cha pembeni. Ulipitisha kidole gumba. Ukakitazama. Ukakifuta kwenye suruali, taratibu, mara mbili.

"Ahsante, mwanangu," ukasema. "Zimekubali."

Nikasema bila kugeuka kwamba bado mkono wa mwisho, uilete Jumapili niimalizie. Ukasema, "Jumapili, inshallah." Ukaondoka, na trafiki akakupitisha siku hiyo hiyo.

Jumapili ile nilikuwa na gari la mtu. Jumapili iliyofuata nililala. Ya tatu ulipita kunisalimia, nikaziona taa nikiwa bado mbali: vumbi la barabara ya Sepuka lilikuwa limenasa kwenye mafuta, jua limelikaanga, vioo vimekuwa na rangi ya chai ya rangi. Zilikuwa mbaya kuliko kabla sijazigusa. Nikakuuliza magoti ya Mama Mdogo yanaendeleaje. Nikakuuliza na bei ya vitunguu. Ukanijibu yote mawili, na taa hukuzitaja.

Ndipo ukaanza kuondoka Sepuka mapema. Ulikuwa mtu wa kurudi saa mbili, saa tatu usiku, gari limejaa. Sasa alasiri uko nyumbani na nusu ya mzigo. Watu wakasema mzee amechoka. Mimi nilisema zaidi yao. Nilisema mbele ya wote, barazani kwako, kwamba Baba Mdogo siku hizi anarudi bandani pamoja na kuku. Wote walicheka, na wewe ulicheka. Kicheko chako cha siku ile ndicho ninachokisikia nikiwa nafunga kazi.

Halafu ile siku ya mwisho. Nilijua tu kwamba ulizidiwa Sepuka na mkakosa kufika hospitali. Mengine aliniambia Mama Eliza, yule mke wa mkulima wako wa vitunguu, alipokuja msibani. Alikaa mkekani pembeni yangu akanishika mkono. Alisema mzigo ulichelewa, jua likazama, ukakubali kulala kwao. Baada ya kula kifua kikakubana. Mume wake akataka akuendeshe mjini palepale, akakuomba ufunguo. Gari lingine la jirani lilikuwa limeshaondoka, na kwenye pikipiki usingeweza kukaa.

"Akasema taa zangu hazioni," Mama Eliza akaniambia. "Akasema tutagonga mtu, tusubiri kukuche."

Mkasubiri. Kulipopambazuka mliondoka, na hamkufika.

Mama Eliza akaendelea, maskini, anadhani ananifariji. Alisema usiku ule alikuuliza kwani huna fundi wa kukurekebishia taa. Ukamjibu, "Mwanangu ni fundi. Ana kazi nyingi tu." Alisema uliyasema hayo kwa fahari. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko, na wanawake wakasema Zaina kazidiwa na uchungu, mleteeni maji.

Kila mtu ananiambia siku yako ilikuwa imefika. Sibishani. Siku yako aliipanga Mungu. Mafuta ya alizeti niliyapaka mimi.

Kwenye arobaini Mama Mdogo alisimama mbele ya watu akawashukuru waliokuwa karibu na wewe. Akanitaja kwa jina. Akasema huyu ndiye aliyekuwa anamtunzia mume wangu gari. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau. Ningeweza kuiweka chini nikasema. Niliinamisha kichwa, nikala. Nilikula mpaka nikamaliza, Baba Mdogo, kama mtu asiye na aibu.

Baada ya hapo akaamua gari lisikae bure, atafute dereva aendelee na vitunguu, lakini kwanza lipite ukaguzi. Akaniletea ufunguo. Nilipokuwa natoa vitu ndani, nyuma ya kiti chako nikakuta kifurushi cha kaki kimefungwa kwa uzi wa gunia. Nilidhani ni karatasi za mizigo. Ilikuwa ni misasa mitatu, wa kukwaruza, wa kati na ule laini, na kopo la vanishi ambalo halijafunguliwa.

Uliniandalia hadi vifaa. Ulikuwa unazunguka navyo, Jumapili baada ya Jumapili, ukinisubiri niseme lete. Nilikaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu, na mteja aliyekuja nikamwambia leo hatufungui.

Nilizifanya taa zako kwa msasa wako. Nilianza baada ya chai ya asubuhi nikamaliza adhuhuri. Maji yaliyotoka mwanzo yalikuwa tope, mafuta yangu na vumbi lako pamoja, yakinuka kama kikaango cha juzi. Kisha yakawa ya manjano, kisha meupe. Zilipokuwa kama uji sikusimama. Nilipaka vanishi tabaka mbili, nikatundika khanga juu yake kuzuia jua, nikangoja nimekaa. Kisha nikapitisha kidole gumba, na kilikuwa kikavu.

Jana baada ya ukaguzi nikampelekea Mama Mdogo gari. Alitoka akijifuta mikono. Hakutazama stika. Alikwenda moja kwa moja mbele ya gari, akapitisha kidole gumba kwenye taa ya kulia, akakiinua akakitazama, kama wewe. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Nikamwambia yote, nimesimama hapo hapo uani: harusi, dawa ya meno, chupa, kuku, alichosema Mama Eliza. Nikamwambia na pilau.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango.

"Aliniambia siku ile ile," akasema. "Alisema, Zaina kanipakia taa mafuta. Nilitaka nije nikuseme, akanikataza. Akasema muache, atakuja mwenyewe."

Halafu akasema, "Umechelewa, Zaina." Tukalia, yeye kwenye ngazi na mimi nimeegemea pikapu. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba. Baadaye aliinuka akaniambia niingie ndani, chai inapoa.

Ulijua, basi. Ulijua tangu kidole kilipoteleza, ukanilindia heshima yangu hata kwa Mama Eliza, na kifua kimekubana. Ningependa ungenifokea. Ungeongea kile Kinyaturu chako mbele ya bwana harusi na magari yake manne, ningeaibika siku moja, nikachukua msasa, na leo ningekuwa nakuletea maneno haya barazani badala ya kuyaandika. Nakulaumu kidogo kwa hilo. Nisamehe kwa kukulaumu.

Ulimwambia Mama Mdogo kwamba nitakuja mwenyewe. Ndiyo nimekuja. Nililipua kazi yako, Baba Mdogo, halafu nikakucheka kwa kuogopa giza nililokutengenezea mimi. Nimesema.

Jumapili hii nampeleka Mama Mdogo Sepuka. Nitaendesha mimi. Mama Eliza anahitaji kuambiwa ule ukweli, maana bado anawaambia watu una mwana fundi mwenye kazi nyingi. Nitamwambia kazi zilikuwa nyingi kweli, lakini yako niliijua na niliiacha. Akinifukuza nitakaa garini mpaka Mama Mdogo amalize kusalimia.

Hatutaharakisha kurudi. Tutaswali magharibi kule kwao, tungoje giza liingie sawasawa, ndipo niwashe taa zako na kushika barabara ile yote mpaka Mandewa.

Pumzika, Baba Mdogo. Mungu akuangazie huko uliko.

Jumapili, inshallah. Safari hii ni kweli.

Mwanao,
Zaina