Chatu Mwenye Miguu ya Dinosaria

Raya uko wapi. Nakuandikia nimejifungia chooni kwa wakwe, na sitoki.

Unamjua yule chatu wa baba mkwe, anayecheza naye ngoma. Asubuhi nikiwa sokoni Biharamulo nikatengeneza picha kwenye simu. Mwili wa chatu, miguu ya dinosaria, halafu kichwa cha mzee mwenyewe na kofia yake. Chini nikaandika: CHATUSARIA, DUDE LA KALE LILILOSAHAU KUFA.

Nikamtumia shemeji Gervas. Shemeji si mtani wangu? Nilikosea nini hapo?

Kumbe chatu amekufa. Mimi sina habari.

Nafika nyumbani nakuta watu wamekaa uani kama msibani. Gervas aliona jina langu tu, akampa mzee simu akidhani nimetuma pole. Pole gani, Raya: "lililosahau kufa"!

Mzee anaitazama ile picha. Anaitazama tu. Nikapiga goti, shikamoo baba. Hakuitikia. Nakwambia hakuitikia, na mimi goti liko chini mbele ya watu wote.

Akawageukia wazee wenzake, akasema taratibu kabisa: "Yule nilimlisha kuku, hakuning'ata hata siku moja. Huyu tulimtolea ng'ombe."

Wakacheka. Uani kote wakacheka, mama mkwe anashika mbavu, na chatu amelala pale kwenye mkeka amefunikwa khanga.

Na wa mwisho kunyamaza alikuwa mume wangu.