Kaka, Chuma Si Gunia

Kaka,

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja hapa Bungoma, mwamuzi mkuu alitangaza kwa kipaza sauti kwamba nimeinua kilo mia moja kumi na mbili na nusu, na kwamba waamuzi wote watatu wamekubali. Hizo ni kilo kumi na mbili na nusu zaidi ya uzito niliokwama nao kwa miezi kumi na minne nikiwa mikononi mwako. Jioni hiyo uliandika kwenye kikundi cha familia: "Hiyo ni kazi yangu. Mimi ndiye nilimkomaza." Nilipokuuliza ni kazi gani hasa, ulinifuta kwenye kikundi. Simu zangu hushiki. Kwa hivyo nakuandikia hapa gazetini, ambapo nina hakika mtu wa stoo atakusomea kwa sauti.

Ningenyamaza. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimewasikia wakubwa wakijisifia barabara walizozikuta, na mmoja alijisifia mvua. Kilo zangu ungezichukua ukaenda nazo. Lakini sasa unamfundisha binti yako kwa njia ileile. Amekwama kwenye kilo sitini tangu likizo ya Aprili, na mgongo unamuuma. Jina lake sitalitaja hapa. Yeye na mama yake wameisoma barua hii kabla yako.

Unakumbuka nilivyokuja kwenye stoo yako ya mahindi pale Kitale. Nilikuwa nimekaa miaka mingi kwenye mabenchi ya mahakama na viti vya ofisi, na daktari alikuwa ameniambia niimarishe mgongo. Wewe ulikuwa kiongozi wa wapakiaji, na nyuma ya stoo ulikuwa umeweka chuma kirefu na uzito wa kuongezea pande zote mbili. Ulinionyesha jinsi ya kukishika, kunyoosha mgongo na kukiinua kutoka chini hadi mapajani. Hilo ulilifanya vizuri na silifuti. Kwa miezi sita nilipanda kutoka arubaini hadi mia. Ulitembea mjini kama mtu aliyevumbua misuli. Sikujua wakati huo kwamba mtu yeyote anayeanza hupanda, hata akifundishwa na mlango.

Kisha nikakwama.

Kila jioni saa kumi na moja, lori la mwisho likishaondoka, ulipakia mia na mbili na nusu na kuniita. Wapakiaji walikaa juu ya magunia kutazama. Simiyu, yule mwenye kofia ya kijani, hakukosa siku hata moja.

"Madam wa gazeti, leo unainua ama unaandika?"

"Leo anakihoji kwanza," mwingine alijibu. "Si unaona vile anakiangalia?"

Walicheka, nami nilicheka nao. Hawakuwa na ubaya. Chuma kilipanda hadi chini kidogo ya goti, kikasimama hapo, kikarudi chini. Kesho yake, hivyo hivyo. Nikishindwa, ulinibebesha gunia la kilo tisini nizunguke stoo mara mbili, ati nipate hasira.

Siku moja nilikuomba wiki moja ya uzito mwepesi. Ulisimama mbele ya wanaume wote na kusema: "Wewe umewahi kuona gunia likipunguzwa kwa sababu mtu amechoka? Gunia ni tisini Jumatatu, ni tisini Ijumaa. Kama hutaki, nenda ukaandike habari za maua."

Nakujibu leo. Ni kweli, gunia ni tisini Jumatatu na tisini Ijumaa. Ni tisini pia mwaka ujao. Ulibeba uzito huo kwa miaka kumi na tisa na hakuna siku tajiri wa stoo alikuomba ubebe tisini na moja. Mpakiaji hahitaji kuongeza nguvu. Anahitaji kufika jioni. Hiyo ni kazi ngumu na ya heshima, lakini haimfundishi mtu jinsi ya kupanda. Kati ya watu wote ninaowajua, wewe ndiye uliyekwama muda mrefu zaidi, na kukwama kwako ukakuita mafunzo.

Sababu zako nilizinakili kwa sababu ni tabia ya kazi. Mwezi wa tatu wa kukwama ulisema ni chapati za ofisini. Mwezi wa saba ulisema ninalala sana. Mwezi wa kumi ulisema silali vya kutosha. Mwezi wa kumi na tatu ulimwambia Simiyu, nami nikisikia, "Wanawake hufika mia, wanaisha." Hakuna mwezi uliosema huenda kocha ndiye hajui.

Gazeti liliponihamishia Bungoma nilimpata mwalimu mstaafu wa michezo, mama mnene mwenye sauti ya chini. Aliniuliza ninalala saa ngapi, ninakula nini kabla ya kuja, na ni lini mara ya mwisho niliinua uzito ambao haukunitisha. Kwa hilo la mwisho nilianza kuhesabu miezi. Akaniambia, "Hebu inua mara moja nione." Nikainua, kikasimama palepale. "Haya, dada, shida yako iko hapo chini ya goti. Mgongo unachoka kabla miguu haijamaliza kazi." Ilimchukua mara moja kuona. Wewe ulisimama hatua mbili kutoka kwenye goti hilo kwa miezi kumi na minne.

Akaondoa kilo thelathini. Niliona ni matusi. Wiki tatu niliinua sabini, polepole, nikisimama kwa sekunde mbili chini ya goti kabla ya kumalizia. Wiki ya nne alipunguza tena na kuniambia nikalale. Mwezi wa tatu, Jumanne moja alasiri, mia na mbili na nusu ilipanda bila kusimama popote. Hakukuwa na kelele. Mwalimu alisema, "Shusha pole, usikitupe," akaandika, akaniuliza kama nimeleta maji.

Hivyo ndivyo nilivyokwamuka, kaka. Hasira haikuhusika.

Sasa binti yako. Wifi aliniambia kwa simu, "Anavaa viatu akishika ukuta, na babake anasema ni uvivu." Mtoto huyo anajaribu uzito wake wa mwisho kila jioni, baada ya shule, na akishindwa anabebeshwa gunia. Ana miaka kumi na saba. Umeona njia yako ikishindwa kwangu mara mia kadhaa, ukahitimisha kwamba ilihitaji mgongo mdogo zaidi.

Kwetu dada mdogo hamkosoi kaka mkubwa mbele za watu. Niliitii desturi hiyo, na hilo ni kosa langu, maana ningesema mapema usingethubutu kumwita nyuma ya stoo. Heshima hiyo mimi niliilipia kwa mwili wangu. Yeye hataendelea kuilipia.

Sikuchukii. Kuchukia kunahitaji kumwona mtu kuwa mkubwa. Nakuona tu jinsi ulivyo: mwanaume mwenye sauti kubwa na uzito mmoja.

Kuanzia leo hainui kitu, wala chuma wala gunia. Mama yake amekubali, na yeye mwenyewe amekubali. Ana miadi na daktari wa mifupa hapa Bungoma Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mama yake anamleta. Ukitaka kuja, njoo. Daktari atakuuliza alikuwa akiinua kilo ngapi, na mara ngapi kwa wiki. Mjibu ukweli.

Dada yako mdogo,
Bungoma