Kompyuta ya Baba Haiwaki

Mdogo wangu,

~~Usiiguse tena kompyuta ya Baba.~~ Iguse, maana wewe ndiye uliyeiharibu jana ulipopandisha kasi yake ili michezo yako isikwamekwame. Leo asubuhi Mama aliiwasha asikilize sauti ya Baba iliyorekodiwa humo, kama afanyavyo kila siku tangu tumzike. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Alikaa pale mpaka chai ikapoa, kisha akaniuliza taratibu, "Na humu pia ameondoka?"

Nimempigia fundi. Anasema diski ni nzima, sauti ipo. Chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara kwenye ubao mama, ule ubao mkubwa wa saketi ulio ndani, ngoja kidogo isahau kasi uliyoweka, kisha urudishe betri. Ukiwasha, ingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mwanzo, uweke kasi ya prosesa na ya basi ya data, yaani njia ya kupitishia data, kwenye "Auto", zijipange zenyewe. Usijifanye fundi tena. Hifadhi ndipo utoke.

Sijakasirika sana. Najua nawe unacheza ili usisikie nyumba ilivyo kimya.

Ikiwaka, usimwite Mama kwa kelele. Fungulia sauti tu, atakuja mwenyewe.

Dada yako