Beseni la Baba Mkwe

Tukuyu, Jumanne

Maji yamepoa tena mlangoni kwa baba mkwe. Leo ni siku ya tatu tangu mume wangu arudi machimboni Makongolosi, na yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha mzee, ambaye hawezi tena kuoga mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kuchemsha maji, kuyaweka mlangoni na kuondoka. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kumtazama usoni. Sisi Wanyakyusa ndivyo tulivyolelewa: mke wa mtoto humkwepa baba mkwe.

Na mwezi uliopita nilikuwa Japani, kwenye mafunzo ya chai. Wenyeji wakatupeleka kwenye chemchemi ya maji moto, wanaume na wanawake wanaoga pamoja. Tulipewa vitambaa vya kujifunga. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, lakini niliingia. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa anamsugua mzee mgongo. Nikamuuliza mkalimani kama ni baba yake.

"Hapana. Ni baba wa mumewe."

Leo jioni nilisimama na beseni. Chumba kinanuka. Nikashika komeo, nikajiambia, wanaume nisiowajua hata majina wameniona nimelowa, sembuse huyu mzee wetu. Naingia.

Akasikia komeo.

"Acha hapo hapo, mama. Usiingie."

Hajawahi kunisemesha. Sauti ilitetemeka, kwa baridi au kwa aibu, sijui.

Nikaliweka chini nikaondoka haraka. Kinachoniuma ni kwamba nilipomsikia, nilishukuru.