Robo na Nusu

Mjukuu wangu Asimwe,

Hapa Kamachumu tu wazima, na bibi yako ameanza kuchuma kahawa. Umeuliza ufanyeje na wanafunzi wako wanaoshindwa sehemu katika hesabu.

Miaka ya ujamaa nilifundisha katika shule ya Kishanda. Msichana mmoja, Koku, aliandika kwamba robo ni kubwa kuliko nusu. Nilimwita mjinga, darasa zima likacheka. Hakurudi tena shule.

Baada ya wiki mbili nilimfuata kwao, nikamuuliza kwa nini aliandika vile.

"Nne ni kubwa kuliko mbili, mwalimu."

Nilimkatia ndizi mbivu, akaelewa palepale.

"Aibu ile imetosha," baba yake akasema. "Atabaki nyumbani."

Waulize wamelipataje jibu. Mimi nilichelewa kuuliza.

Babu yako